Oili ya kufika na oili ya kurudi

Najua nimekuwa kimya, kazi zimebana. Leo sina siasa wala mpira. Leo naandika habari za oili. Ndiyo, oili ya injini, ile nyeusi inayoharibu mashati. Usikimbie kwanza. Kuna historia ndani yake, na inawahusu hata ambao hawajawahi kumiliki baiskeli.

Ilianza na simu kutoka Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Baba yangu mdogo alikuwa amenunua boti. Si mtumbwi wenye mashine ya kupachika nyuma kama wengi walivyozoea, ni boti la mbao lenye injini ndani, dizeli ya Kiingereza ya silinda mbili, ya miaka ya 1960. Kibati chake cha maelezo kilikuwa kimesuguka hadi hakisomeki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe si mwandishi? Waandishi kazi yenu si kuulizauliza? Basi niulizie. Hii injini inakunywa oili gani?"

Alikuwa ameshauliza mafundi watatu, akapata majibu matatu. Wa kwanza alisema SAE 40, nzito, ndiyo ya wazee. Wa pili alisema 15W-40, ndiyo inawekwa kwenye malori yote ya Mpanda. Wa tatu alimletea kopo la bei mbaya lililoandikwa 5W-30, akamwambia hiyo ndiyo teknolojia ya kisasa, mashine itajisikia kijana tena.

Kwa mtu wa gari, oili mbaya ina maana ya kusukuma gari hadi gereji. Kwa baba mdogo maana yake ni nyingine. Kazi ya boti hilo ni kuvusha mahindi hadi Moba, upande wa Kongo. Injini ikikamata katikati ya ziwa usiku, wakati upepo wa kusini wa kiangazi umeamka, hakuna gereji. Mwaka mmoja kabla alikuwa abiria kwenye boti la mtu mwingine lililozimika. Walikaa majini hadi saa nne asubuhi wakichota maji kwa ndoo, watu kumi na moja, wawili wao watoto. Alipokuwa anauliza oili gani, hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake.

Nikafanya kama alivyosema, nikauliza. Na wa kwanza kumuuliza alikuwa bibi yangu, huko Mishamo.

Kwa msioijua, Mishamo iko porini kaskazini magharibi mwa mji wa Mpanda, siku hizi ndani ya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Serikali iliifungua mwaka 1978 kuwa makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengi waliletwa kutoka Kigoma kwa malori, wakapewa mashamba na kuambiwa fyekeni. Walifyeka. Miaka michache baadaye walikuwa wanalima mahindi, maharage na tumbaku kiasi cha kuuza nje. Mimi ni mjukuu wa fyekeo hilo.

Nilimkuta bibi anachambua maharage. Nikamweleza habari za boti. Akacheka.

"Boti lililotuvusha sisi lilikohoa usiku kucha," akasema. "Mwenye boti oili yake iliisha. Akachukua mawese ya kupikia ya mama mmoja, akamimina humo humo."

"Ikawaje bibi?"

"Ikatufikisha. Lakini yeye hakurudi nalo. Asubuhi lile dude lilikuwa limeganda kama limepigwa misumari."

Nilidhani ni hadithi ya wazee. Baadaye nikaona bibi amesema kitu ambacho mafundi wa dunia nzima walikipitia.

Mafuta ya mimea na ya wanyama yanalainisha chuma vizuri sana, ila kwa muda mfupi. Injini za mvuke za kale zilipakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Ndege nyingi za Vita Kuu ya Kwanza zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, na jina Castrol lililoanza mwaka 1909 limetokana na jina la Kiingereza la mbarika. Tatizo ni joto. Mafuta hayo yakipikwa na kuchanganyika na hewa yanageuka gundi na asidi. Ringi za pistoni zinanasa, vijia vya oili vinaziba. Mawese yatakufikisha, hayatakurudisha.

Ndiyo maana mwaka 1866 daktari Mmarekani aitwaye John Ellis alipoanza kuuza mafuta ya kulainisha yaliyotokana na petroli ghafi, wenye injini za mvuke walimsikiliza. Mafuta yale yalivumilia joto la silinda bila kuganda.

Na kuna mtu mwingine ambaye ningependa kila mtoto wa Mishamo amjue. Anaitwa Elijah McCoy. Wazazi wake walikuwa watumwa Kentucky, wakatoroka hadi Kanada, na yeye akazaliwa huko Ontario katika miaka ya 1840. Mtoto wa wakimbizi, kwa maneno mengine. Alipelekwa Scotland kusomea uhandisi, akarudi na ujuzi wake, lakini shirika la reli la Michigan halikumpa kazi ya mhandisi kwa sababu ni mweusi. Walimpa kazi ya kuchochea moto na kupaka oili. Siku zile treni ilibidi isimame kila baada ya mwendo fulani ili watu washuke wapake mafuta. McCoy akaona upuuzi huo kwa macho yake, na mwaka 1872 akasajili kifaa kinachodondosha oili kwenye silinda yenyewe huku injini inaendelea kufanya kazi. Kazi waliyompa kumdharau ndiyo iliyomwonyesha tatizo.

Sasa turudi ziwani kwetu, maana habari kubwa kuliko zote za kulainisha injini imetokea hapa hapa.

Mnaifahamu Liemba. Bibi anaijua, wajomba wanaijua, kila aliyekulia mwambao anaijua. Ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Graf von Götzen. Huyo Götzen alikuwa gavana wa Wajerumani hapa kwetu kuanzia 1901 hadi 1906, yaani ni katika utawala wake Maji Maji ilianza kuzimwa kwa risasi na njaa. Meli ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kusogezwa Kigoma kwa reli ya kati. Mafundi watatu wa kiwanda walikuja nayo, wakiongozwa na Anton Rüter, wakaiunganisha upya pamoja na vibarua wa hapa. Ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Wakati huo vita vimeshafika ziwani. Waingereza nao walileta boti zao mbili, Mimi na Toutou. Hizi zilikuwa boti za injini za ndani hasa, kama ya baba mdogo: urefu kama mita 12, kila moja na injini mbili za petroli za nguvu za farasi 100. Ziliondoka Uingereza mwaka 1915, zikapita Cape Town, reli hadi Katanga, kisha zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupanda milima ya Mitumba, hadi upande wa Kongo wa ziwa letu. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Götzen yenyewe haikupigana nazo. Wabelgiji walipokuwa wanaikaribia Kigoma mwezi Julai 1916, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe isichukuliwe. Na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Kazi hiyo walipewa wale wale mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg. Mtu anayezamisha meli ili adui asiipate angeweza kuvunja silinda kwa nyundo, akamaliza. Hawakufanya hivyo. Waliziviringisha injini kwa grisi nzito, tabaka nene, kila sehemu inayosogea. Halafu ndipo wakaishusha chini taratibu, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, tarehe 26 Julai 1916. Walikuwa wanafikiria kuirudia.

Hawakuirudia. Vita waliishindwa na koloni likawatoka. Lakini Waingereza walipoiinua mwaka 1924, baada ya miaka karibu minane ya maji, walikuta injini na boila bado zinafaa kwa kazi. Wakaitengeneza, wakaipa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hili ambalo Livingstone aliliandika alipofika upande wa kusini, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari. Injini zile za mvuke ziliendelea kupiga kazi hadi miaka ya 1970 zilipobadilishwa kuwa dizeli. Hesabu mwenyewe. Karibu nusu karne ya huduma kutoka kwenye injini zilizolazwa chini ya ziwa zikiwa zimevikwa grisi.

Na meli hiyo hiyo, mwezi Mei 2015, ndiyo iliyobeba Warundi waliokimbilia Kagunga kuwapeleka Kigoma. Mafundi wale wa 1916 hawakuwa na habari na watu hao. Grisi haikuuliza ni nani atakayepanda.

Hapo nikaanza kuelewa swali la baba mdogo. Oili gani uweke inategemea kama unafikiria kesho ya hiyo injini. Yule mwenye boti wa 1972 alitaka kufika tu, na nani atamlaumu? Nyuma yake kulikuwa na mauaji. Lakini mtu akiishi miaka hamsini kwa akili ya kufika tu, kila kitu chake kitaganda.

Na Mishamo tunalijua hilo. Mwaka 2010 serikali iliwapa uraia wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000. Furaha ilikuwepo, lakini wakaambiwa pia kwamba makazi yatafungwa na watatawanywa mikoa mingine. Vyeti vyenyewe vilianza kutolewa mwaka 2014, na mpango wa kutawanya watu ukaachwa. Katika ile miaka ya kusubiri, nakumbuka nikiwa mtoto, hakuna aliyepanda mwembe. Nyumba ikivuja unaweka sufuria. Bati jipya la nini, kama kesho unapakiwa kwenye lori? Baba mdogo alikua katika hali hiyo. Boti hili ni kitu cha kwanza amenunua akitaka kidumu.

Haya, tuje kwenye makopo matatu.

Namba zile hazionyeshi ubora. Zinaonyesha uzito, yaani oili inatiririka haraka au polepole. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianza kuzipanga mwaka 1911. Herufi W imetoka kwenye neno la Kiingereza la majira ya baridi, kwa hiyo 15W-40 maana yake ni oili inayokuwa nyepesi kiasi fulani wakati wa baridi ili injini iwake, lakini ikipata moto inashika uzito wa 40. Oili za namna hiyo zilienea kuanzia miaka ya 1950. Ikola hakuna barafu. Maji ya ziwa juu hapo huwa ya joto mwaka mzima. SAE 40 ya namba moja inatosha kabisa kwetu, na 15W-40 nayo si kosa kama kitabu cha injini kinairuhusu.

Ile 5W-30 ndiyo nilimwambia aiache. Si mbaya, ila imetengenezwa kwa injini zilizochongwa juzi, ambazo nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo mno. Injini ya miaka ya 1960 iliyochakaa ina nafasi kubwa. Oili nyepesi ikipata moto inapita humo kama maji, presha inashuka, beringi zinasagana, na sili za zamani zinaanza kuvuja. Injini haiwi kijana kwa kuvalishwa nguo za kijana.

Jambo la pili ni herufi. Kwenye kopo tafuta herufi mbili. Zikianza na S ni za petroli, zikianza na C ni za dizeli. Kitabu cha injini ya baba mdogo, ambacho tulikipata kwenye intaneti baada ya kusoma namba iliyochongwa ubavuni mwa injini, kilitaka daraja la CC au CD. Madaraja hayo yameshapitwa na wakati, lakini ya baadaye kama CF au CI-4 yanaweza kushika nafasi yake.

Jambo la tatu ndilo mafundi wote watatu hawakuligusa, nalo ni sabuni. Katika miaka ya 1930 watengenezaji wa dizeli waliona ringi zinanasa kwa masizi, ndipo dawa za kusafisha zikaanza kutiwa ndani ya oili. Ni jambo jema. Lakini ukichukua injini iliyokaa miaka mingi na tope lake, ukaipa ghafla oili yenye sabuni kali, tope lote linabanduka kwa mpigo na kwenda kuziba filta na vijia. Unakuwa umeiua kwa kuiogesha.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Tulinunua SAE 40 yenye herufi CF, duka lenye kopo lisilofunguliwa na lenye risiti, maana oili chafu iliyochujwa na kurudishwa koponi ipo mitaani. Tukawasha injini hadi ikapata moto, tukamwaga oili ya zamani, tukabadilisha filta, tukajaza mpya hadi alama ya juu ya kijiti na si zaidi. Kwenye boti kujaza kupita kiasi ni hatari, mawimbi yanaitikisa na krenki inaipiga hadi inatoka povu. Baada ya saa 10 za kazi tukaimwaga. Ilikuwa nyeusi kama lami. Tukajaza tena, saa 25, tukamwaga. Ya tatu ilitoka kahawia. Sasa ni kila saa 100, na asubuhi kabla ya kuwasha kijiti kinatazamwa. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, safari hakuna. Hata kama mahindi yameshapakiwa.

Oili iliyomwagwa hatukuitupa ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi na mlango wake wa kutokea ni mto Lukuga peke yake. Maji yake huchukua mamia ya miaka kubadilika. Ukimwaga dumu moja leo, wajukuu wa wajukuu wako watakuwa bado wanapikia.

Wiki iliyopita nilikuwa Ikola. Boti limeshakwenda Moba na kurudi mara nane. Baba mdogo ana daftari la shule, jalada limelowa, ndani kuna tarehe, saa za kazi, oili iliyoongezwa. Na kwenye kifuniko cha injini, pale kibati kiliposuguka, ameandika kwa rangi nyeupe: SAE 40, CF, SAA 100.

Nikamuuliza, si yote anayo kichwani?

"Mimi ninayo," akasema. "Lakini mwenye boti baada yangu?"

Nilimpelekea bibi habari hizo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni kweli siku hizi wanasema injini inanyimwa mawese.

Wenye mashine za zamani, anzeni madaftari. Tuko pamoja.